Usimwage maji ya tambi

Mapishi mengi ya tambi na nyama huharibikia mahali pamoja. Tambi huchemshwa peke yake kwa maji tele, huchujwa, na maji yale meupe humwagwa uani. Rojo lenyewe limemwagwa humo. Weupe wa maji hayo ni wanga uliotoka kwenye ngano, na wanga ndio unaoyashika mafuta na maji yasiachane. Aliyeumwaga hubaki akitafuta cha kuupa mchuzi uzito: krimu, jibini, unga.

Nyangamara, huku kwenye mikorosho ya Lindi, si mahali pa kuendea dukani kutafuta krimu. Tambi zipo, nazi zipo, korosho ndiyo kabisa. Sufuria ninayoichambua hapa ilipikwa kwa jiko la mkaa, kwa ajili ya watu watano: nyama ya kusaga nusu kilo, tambi gramu 400, nazi mbili, korosho gramu 100, vitunguu, nyanya tatu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Viungo hivi hupikwa pwani nzima. Kilichokifanya chakula hiki kiwe laini na kizito ni mpangilio wa hatua zake.

Nianze na nyama, kwa sababu ndiyo inayotaka moto mkali, na moto wa mkaa huwa mkali mwanzoni tu. Ng'ombe wa kienyeji ana mafuta machache, hivyo sufuria ilitiwa mafuta vijiko viwili ikaachwa ipate moto hasa. Nyama ikaingia nusu kwanza, ikatandazwa, ikaachwa bila kukorogwa. Nyama mbichi ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Ukiimwaga yote kwa pamoja na kuikoroga papo hapo, maji hutoka haraka kuliko yanavyokauka, nayo hujichemsha yenyewe, ikawa ya kijivu na kukosa harufu nzuri. Maji hayapiti nyuzi 100 za joto, ilhali ile rangi ya kahawia yenye harufu ya mchomo huhitaji takriban 140. Kwa hiyo nusu ya kwanza iliachwa hadi chini ikashika rangi, ikatolewa, ndipo nusu ya pili ikafuata. Mabaki yaliyoganda chini ya sufuria hayakukwanguliwa kutupwa. Vitunguu vilipoingia na kutoa maji, mabaki hayo yaliachia yenyewe na kuipa sufuria rangi yake.

Nyama yenyewe, niseme kidogo. Nyama ya kusaga haivumilii kungoja. Mashine huchukua vijidudu vilivyokuwa juu ya mnofu na kuvitia ndani kila mahali, kwa hiyo isagwe siku ya kupikwa na iive hadi katikati.

Nyanya zilikaangwa na vitunguu mpaka zikakauka na mafuta yakajitenga. Hatua hii watu huiruka kwa haraka ya kula, na ubichi wa nyanya hubaki mchuzini. Nyanya ina asidi. Tui ni matone ya mafuta yaliyozungukwa na protini za nazi, na protini hizo hushikana na kuganda zikikutana na asidi nyingi au joto kali, kuanzia nyuzi 80 hivi. Hapo tui hukatika: mafuta juu, maji chini, chembe nyeupe katikati. Nyanya iliyokaushwa na kukolea vizuri haina ladha ya ubichi, na asidi yake ikitandazwa ndani ya lita nzima ya tui jepesi madhara hupungua sana.

Nazi zilikunwa na mtu mwingine wakati nyama ikiwa motoni. Bila mkono wa pili, chakula hiki si cha haraka, na sitamdanganya mtu. Tui zito lilikamuliwa likawekwa kando. Chicha ikatiwa maji ya moto ikakamuliwa tena na tena hadi ikatoa lita moja ya tui jepesi. Tui hili jepesi ndilo lililopikia tambi. Mafuta yake ni machache, likichemka hakuna kikubwa cha kukatika.

Tambi zilivunjwa urefu wa kidole. Hapa ninapingana na mazoea yetu. Pwani tunazikaanga tambi kwanza, na kwa tambi za sukari ni sawa, kwa kuwa tunataka zisishikane. Joto kavu huuvunjavunja wanga ukapoteza nguvu ya kuvimba na kushika maji, na mafuta huuzuia usitoke hata ule uliobaki. Anayetaka rojo azitie mbichi. Ziliingia, zikakorogwa mara kwa mara, na lita ile ikanywewa kiasi huku iliyobaki ikianza kuwa nzito.

Katikati ya kuiva ndipo korosho zilipoingia. Zilikuwa zimebanguliwa, zikalowekwa kwenye maji ya moto, zikatwangwa na tui kidogo mpaka zikawa uji. Zile zilizovunjika zinafaa sawasawa, na ni rahisi kwa bei. Katika gramu 100 za korosho, mafuta ni kama gramu 44, na wanga unakaribia robo ya uzito. Karanga haina wanga kiasi hicho, ndiyo maana mchuzi wa karanga hutoa mafuta juu upesi, na wa korosho hutulia. Zisikaangwe kwanza, zitabadilisha rangi na ladha itaifunika nyama.

Kufikia hapo mkaa ulikuwa umeshapungua wenyewe, na jivu likafunika makaa. Nyama ilirudishwa, ikachemka pamoja na tambi dakika chache, kisha sufuria ikateremshwa. Tui zito lilimiminwa likiwa chini, likakorogwa taratibu. Wanga wa tambi na wa korosho ulikuwa tayari umejaa kwenye mchuzi, kwa hiyo matone ya mafuta yalipata pa kushikilia. Halikukatika. Ndimu ilikamuliwa sahanini, kila mtu kwa kiasi chake, isiguse sufuria.

Rojo lionekane jepesi kidogo linapoteremshwa, kwa kuwa tambi zinaendelea kunywa hata nje ya moto. Ukingoja liwe zito jikoni, mezani litakuwa bonge. Kiporo chake sikipendekezi kwa nyumba isiyo na friji: nazi huchacha usiku mmoja wa joto la huku, na nyama ya kusaga ni mbaya zaidi. Pima tambi kwa walaji waliopo, gramu 80 kila mmoja, na sufuria imalizwe usiku uleule.