Kuku wa Mwenyeji: Juu ya Majarida ya Magari na Pikipiki

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilinunua pikipiki kwa sababu ya jarida. Lilikuwa jarida la nje, lililofika maktaba yetu ndani ya boksi la msaada pamoja na vitabu vya jiografia. Mwandishi wake aliisifu pikipiki fulani kwa kurasa nne nzima: injini haichoki, fremu ni imara, kwenye njia mbovu inapita kama iko juu ya lami. Nikakopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikainunua. Kabla ya mwaka kwisha fremu ilikuwa imechomelewa mara mbili, na siku moja ya masika niliisukuma kilomita tisa katika tope, huku mwanachuo niliyekwenda kumkagua akinisubiri darasani.

Niliporudi nililitafuta lile jarida, nikalisoma upya kama mwalimu anayesahihisha insha. Ndipo nilipoona yaliyonipita mara ya kwanza. Mwandishi hakusema aliendesha kilomita ngapi. Hakusema pikipiki ilikuwa ya nani, wala mafuta yalilipwa na nani. Aliitaja hoteli aliyolala, na chakula cha jioni alichokula pamoja na wahandisi wa kiwanda. Na jalada la nyuma lilikuwa na tangazo la pikipiki ile ile.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa majarida ya namna hii, ingawa gari langu mwenyewe ni kuukuu. Nayasoma ili nione jinsi hukumu inavyotengenezwa, maana kazi yangu yote ilikuwa kuhukumu kazi za wengine na kuzipa alama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kiwanda kinapotoa gari jipya huwaalika waandishi, mara nyingi katika nchi yenye jua na barabara nzuri. Huwalipia ndege na malazi, huwachagulia njia, na huwakabidhi gari lililoandaliwa kwa uangalifu. Jarida lisiloalikwa litachelewa, na msomaji atakuwa amekwisha kusoma habari hizo kwingine. Tena jarida huishi kwa matangazo, na watangazaji wake wakubwa ni wale wale wanaohakikiwa. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kupewa bahasha. Kila mmoja anajua anachoweza kukikosa.

Matokeo yake huonekana katika lugha. Injini yenye kelele huitwa injini yenye tabia yake. Usukani mzito huwa ni usukani unaomtaka dereva mzoefu. Kasoro hutajwa katika sentensi moja karibu na mwisho, kisha hufunikwa na sifa. Sisi walimu tunaijua sana lugha hii. Ni wangapi kati yetu tumeandika katika ripoti ya shule, "anajitahidi", kwa mtoto ambaye tungepaswa kumwambia mzazi wake wazi kwamba hajui kusoma?

Lakini tusiwaonee waandishi hawa wote. Oktoba 1997 jarida la Teknikens Värld la Sweden lilijaribu gari jipya la Mercedes-Benz, aina ya A-Class. Jaribio lilikuwa la kukwepa ghafla kitu kilichojitokeza barabarani, kama dereva wa huko anavyomkwepa elki, mnyama mkubwa wa msituni wa jamii ya paa. Gari likapinduka. Kwanza kiwanda kilijaribu kulipuuza jambo hilo. Baadaye kilisimamisha mauzo kwa miezi kama mitatu, kikarekebisha gari na kuliwekea mtambo wa kielektroniki wa kuzuia lisiserereke. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa, akaboresha tembo lake, na abiria wengi wakanufaika. Huo ndio uhakiki unaomfaa hata yule anayehakikiwa.

Watu wengi husema dawa ni moja tu, yaani kukataa fedha za viwanda. Dawa hiyo ipo na imejaribiwa. Huko Marekani, Consumer Reports, iliyoanza mwaka 1936, haichukui matangazo, na magari inayoyapima huyanunua yenyewe dukani kama mteja yeyote. Kwa upande wa pikipiki lilikuwapo jarida la Motorcycle Consumer News, lililoishi kwa ada za wasomaji bila matangazo. Nalo lilifungwa mwaka 2020. Uhuru una gharama, na mwenye kuilipa ni msomaji. Sisi wasomaji tunaodai ukweli huku tukiazima jarida la jirani tuna sehemu yetu katika lawama hii.

Hata hivyo, kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba uhuru na uadilifu ni vitu viwili, na kimoja chaweza kuwapo bila mwenzake. Nitatoa mifano miwili.

Mwaka 2005 gazeti la Los Angeles Times lilikuwa likipokea matangazo mengi ya General Motors. Mhakiki wake wa magari, Dan Neil, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, aliandika kwa ukali juu ya gari la Pontiac G6 na juu ya uongozi wa kampuni. Kampuni ililalamika kwamba gazeti limekosea na halikuitendea haki, ikaondoa matangazo yake. Iliyarudisha baada ya miezi michache, na Neil akaendelea na kazi yake. Gazeti lile halikuwa huru kifedha, lakini lilimwachia mhakiki kalamu yake.

Sasa tazama Ujerumani. Chama cha wenye magari cha ADAC hakiuzi gari hata moja. Nguvu yake ni wanachama, ambao mwaka 2014 walipita milioni 18. Kila mwaka jarida lake liliendesha kura ya gari linalopendwa zaidi. Januari 2014 ikafichuka kwamba hesabu zimepikwa. Volkswagen Golf ilitangazwa kuwa imepata kura 34,299, kumbe zilizopigwa zilikuwa 3,409. Mhariri mkuu akajiuzulu, na mwezi uliofuata rais wa chama naye akaondoka. Hapa jarida lilikuwa la wanachama wenyewe, nalo lilikuza tarakimu ili tuzo yake ionekane kubwa. Chama kilichokuwa na kila sababu ya kuwa huru kiliangushwa na kupenda ukubwa.

Upo pia udhaifu wa tatu, wa mtu asiyedanganya wala kununuliwa, ila hapimi. Gari la dizeli la Volkswagen Jetta lilipewa na jarida moja la Marekani tuzo ya gari safi la mwaka 2009. Mwaka 2015 ilipogunduliwa kwamba programu ndani ya magari hayo ilikuwa inaudanganya mtambo wa kupima moshi, tuzo ilirudishwa. Dalili za udanganyifu huo zilionwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani. Waandishi wa magari walikuwa wameliendesha gari lile lile miaka yote, lakini moshi wake walikuwa wakiusoma kwenye karatasi za kiwanda.

Msomaji wangu aweza kuniuliza kwa nini mwalimu mzee ajishughulishe na mambo haya. Ninayo sababu, na sijawahi kuiandika popote.

Mwaka 1986 nilikwenda shule moja ya kijijini kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo alifundisha sehemu, akakosea. Alijumlisha asili na asili, kiasi na kiasi, na watoto wakanakili. Baada ya kipindi mwalimu mkuu alinikaribisha nyumbani. Walikuwa wamenichinjia kuku, na mwanachuo mwenyewe ndiye aliyeninawisha mikono. Hakuna aliyeniomba chochote. Nilikula, nikashukuru, na jioni nikaandika alama ya B. Sikuhongwa. Niliona haya tu kuandika D nikiwa bado na harufu ya mchuzi mkononi. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari, nilipokea wanafunzi kutoka kijiji kile kile. Siwezi kuapa kwamba alikuwa amewafundisha yeye. Lakini watatu kati yao walijumlisha sehemu kwa namna ile ile.

Kwa hiyo sijiweki juu ya yule mwandishi aliyenifanya nisukume pikipiki katika tope. Huenda naye alikula vizuri, akaona haya.

Leo vijana wetu wa bodaboda hununua pikipiki kwa mkopo, na wengi husikiliza sifa zake kwenye simu kabla ya kutia sahihi. Ninawaomba wamuulize msifiaji yale ambayo sikuyauliza mimi mwaka 1984. Chombo ulikipata wapi? Ulikiendesha kilomita ngapi, kwenye njia gani, ukiwa na mzigo gani? Ni kasoro gani uliyoiona ambayo muuzaji asingependa uiseme? Asipokuwa na jibu kwa swali hili la mwisho, afadhali kijana ashike hela zake, aende kwanza kumuuliza fundi.