Bidayatul Mujtahid: Kitabu cha Sababu za Hitilafu

Vitabu vya fikihi vinavyotaja kauli za wanazuoni ni vingi; vinavyoeleza kwa nini kauli hizo zimeachana ni vichache. Miongoni mwa hivyo vichache ni Bidayatul Mujtahid, alichokiandika kwa Kiarabu Ibn Rushd (1126–1198), kadhi na mwanafalsafa wa Kurtuba, Andalusia. Sisi twakitazama kwa jicho la walimu wa lugha.

Katika dibaji, mwandishi anataja sababu sita za hitilafu. Tano ni za lugha: neno kuwa la jumla au mahsusi, neno moja kuwa na maana mbili, irabu za mwisho kubadilika, neno kuchukuliwa kwa maana yake ya asili au kwa istiari, na neno kuachwa wazi hapa, likawekewa sharti kule. Ya sita ni dalili kupingana.

Tuchukue mfano wa eda. Kurani yamwamuru mwanamke aliyeachwa angoje “kuruu” tatu. Kwa Waarabu neno hilo ni hedhi, na pia ni twahara iliyo baina ya hedhi mbili. Imamu Malik na Imamu Shafii walishika twahara. Abu Hanifa alishika hedhi. Kwa kauli ya kwanza, eda yaisha hedhi ya tatu inapoingia. Kwa ya pili, inapokwisha. Katika siku hizo chache, mwanamke ama yu huru kuolewa, ama mumewe angali na haki ya kumrejea. Wa twahara hutoa hoja ya sarufi: umbo la neno “tatu” lafuata jinsi ya nomino, kama viambishi vyetu vifuatavyo ngeli. Wa hedhi hujibu kuwa twahara ya talaka huwa imekwisha kupungua, basi tatu hazitimii. Ibn Rushd aziweka hoja zote mbili mbele yetu bila kumdhihaki yeyote.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Hadithi nyingi zatajwa bila mlolongo wa wapokezi, na kauli za maimamu, kama mwenyewe anavyokiri, kwa sehemu kubwa amezitoa katika al-Istidhkar cha Ibn Abdil-Barr. Asiye na vitabu vya Hadithi kando yake atazielewa hoja, lakini hataweza kuzipima.

Pamoja na hayo, twakisifu. Mahali fulani mwandishi amfananisha anayejisifu kwa wingi wa mas'ala aliyohifadhi na mtu adhaniye kuwa fundi viatu ni mwenye viatu vingi. Atakuja mteja ambaye mguu wake hautoshei kimojawapo, naye hana budi kumwendea ajuaye kushona. Walimu wenzetu, wangapi kati yetu huwagawia wanafunzi viatu vilivyokwisha kushonwa? Mwanafunzi akitoa jibu lisilofanana na letu, tumwulize kwanza amelisomaje neno, ndipo tushike kalamu nyekundu.