Sakafu Iliyofunga Sinema za Pembezoni mwa Miji

Mei 1995, kampuni ya AMC ilifungua jijini Dallas, Marekani, jumba la sinema lenye kumbi 24, likaitwa Grand 24. Mwaka 2010 likafungwa. Katika miaka hiyo 15, mamia ya majumba ya kumbi nne, sita au nane yaliyotapakaa pembezoni mwa miji ya Marekani yalifungwa, na baadhi ya kampuni kubwa zilizoyaendesha zikaishia mahakamani kwa madeni. Wengi hudai kuwa watazamaji waliihama sinema wakabaki na video sebuleni. Ushahidi unaonyesha vingine: majumba hayo yaliangushwa na sakafu zake, na mikataba ya pango ikayazuia kufa mapema.

Tuanze na jinsi yalivyofanya kazi. Mwaka 1963 Stanley Durwood, mkuu wa kampuni iliyokuja kuitwa AMC, alifungua kumbi mbili ndani ya eneo la maduka la Ward Parkway, Kansas City. Hesabu yake ilikuwa wazi: kumbi mbili zingetumia mlango mmoja, kaunta moja ya bisi na soda, na wafanyakazi walewale. Baadaye mitambo ya sahani za kulala, ambayo filamu nzima iliunganishwa na kuzungushwa juu yake bila kubadilisha mikanda, ilimwezesha fundi mmoja kuhudumia kumbi nyingi. Kwa kuwa msambazaji huchukua sehemu kubwa ya pesa za tiketi, hasa wiki za mwanzo, faida ya mwenye jumba hutegemea kaunta. Ndiyo maana ujenzi ulibanwa: dari ya chini, skrini ndogo, sakafu yenye mteremko hafifu. Mtu mrefu akikaa mbele yako, umekwisha.

Grand 24 iliukabili udhaifu huo. Viti vilipangwa kwa ngazi, kila safu ikipanda juu ya ile iliyo mbele yake kiasi cha kuacha vichwa chini ya mstari wa macho, na skrini ikaweza kujaza ukuta. Wingi wa kumbi nao ulikuwa na kazi yake: filamu inayovuma ingeoneshwa katika kumbi kadhaa kwa saa zinazopishana, mtu afike wakati wowote asisubiri sana. Aliyeonja hali hiyo hakuona sababu ya kurudi kwenye jumba la zamani, hata kama lilikuwa karibu zaidi na kwake. Na jumba la zamani halikurekebishika kwa urahisi. Ngazi zikiinuka, safu za nyuma hugonga dari. Kuinua dari ni kubomoa paa, na paa ni mali ya mwenye eneo la maduka.

Hapo ndipo mikataba inapoingia. Pango lilisainiwa kwa miaka mingi, mara nyingi 20, hivyo kufunga ukumbi mbovu hakukuondoa kodi yake. Kampuni zilijenga mapya bila kuyatua ya zamani, na skrini za Marekani zikapanda kutoka chini ya 28,000 mwaka 1995 hadi zaidi ya 37,000 mwaka 2000. Mwaka huo kampuni za majumba ya sinema za Carmike, United Artists na General Cinema ziliomba kinga ya sheria ya ufilisi. Loews Cineplex ikafuata mapema 2001. Sheria hiyo humruhusu mdaiwa kujitoa katika mkataba wa pango, na kampuni hizo ziliitumia kuyaacha majumba ya zamani.

Atakayesema video ndiyo muuaji, azitazame tiketi: ziliuzwa takriban bilioni 1.3 mwaka 1995 na takriban bilioni 1.6 mwaka 2002. Watazamaji waliongezeka huku majumba yakifungwa. Atakayesema tatizo lilikuwa skrini kuzidi mahitaji ana hoja nzito zaidi, nami ninaikubali nusu. Zilizidi kweli, lakini zilizidi kwa sababu za zamani hazikuweza kuondoka sokoni kwa wakati wake.

Pingamizi gumu kuliko yote ni Grand 24 yenyewe: ilikuwa na ngazi, mbona nayo ikafungwa? Ngazi haziwezi kuwa mali ya mtu mmoja. Washindani waliziiga kila mahali, na mwaka 2006 AMC yenyewe ilifungua jumba jipya la kumbi 15 ndani ya eneo la maduka la NorthPark, jijini humohumo Dallas. Ubora uliowavuta watu mwaka 1995 ukawa jambo la kawaida, na jengo la kumbi 24 likabaki na gharama za kumbi 24. Basi anayewekeza katika jengo la teknolojia moja apime mambo mawili kabla ya kusaini: jengo litabadilika kwa gharama gani, na mkataba utamfunga kwa miaka mingapi baada ya wengine kumwiga.