Jitu la Tarakimu Milioni 41 Latua Industrial Area

Nimelifungua! Faili la megabaiti 41 hivi, na ndani yake nambari moja. Moja tu! Inaanza na 8816, inaishia 486871551, na katikati ni msitu wa tarakimu ambao unateremsha, unateremsha, na bado hujafika popote. Niko kwenye kiwanda cha uchapishaji karibu na Lunga Lunga Road, mitambo inanguruma, na fundi kanisimamia begani: “Bosi, hii kazi ni ya nani?”

Ni ya Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Nvidia. Alikodi mashine katika nchi 17, na tarehe 11 Oktoba 2024 mojawapo, iliyoko Dublin, ikainusa. Kesho yake nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha: mbili kwa kipeo cha 136,279,841, toa moja, ni nambari tasa. Tarakimu 41,024,320! Bingwa wa 2018, tasa kubwa zaidi iliyojulikana hadi hapo, ameachwa nyuma kwa tarakimu zaidi ya milioni 16.

Fundi, kwa mazoea ya kazi, akaanza kukadiria karatasi. Tarakimu 5,000 kwa ukurasa, kurasa 8,205. Ukichapa pande zote mbili, rimu nane na karatasi mia moja na kitu juu.

Lakini utamu hauko kwenye unene. Iandike kwa mfumo wa sifuri na moja, na sifuri zote zinatoweka: ni moja, moja, moja, mara 136,279,841. Hakuna doa!

Halafu kuna mtihani wake, wa Lucas na Lehmer, ambao nilimfanyia fundi nyuma ya risiti kwa kutumia ndugu yake mdogo, 31, yaani mbili kwa kipeo cha 5 toa moja. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194, igawe kwa 31, ushike baki tu, 8. Rudia: 62, na ukigawa kwa 31 hakibaki kitu. Sifuri! Hatua tatu, imepita. Jitu letu linadai mzunguko huohuo mara 136,279,839, na mwishoni kabisa, sifuri ileile. Nywele zilinisimama, sitaki kudanganya.

Wala usidhani kipeo kikiwa tasa inatosha kuifanya nambari nzima kuwa tasa. 11 ni tasa, lakini mbili kwa kipeo cha 11 toa moja ni 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Kwaheri.

Na kuna nyongeza ya bure: kila tasa ya ukoo huu wa mbili kwa kipeo toa moja huzaa nambari kamilifu, kama 6 au 28, ambayo vigawanyo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. Hii imezaa moja ya tarakimu 82,048,640.

Kasoro? Haifai kufungia siri za benki. Funguo za RSA hutaka nambari tasa za tarakimu mia chache zisizojulikana na mtu, na hii inajulikana dunia nzima. Tuzo yake nayo ilikuwa dola 3,000, kiduchu mno kwa maoni yangu. Minofu iko mbele: Electronic Frontier Foundation imeweka dola 150,000 kwa tasa ya kwanza kufikisha tarakimu milioni 100, na bado haijachukuliwa.

Fundi kasikia hiyo, sasa anauliza kama kompyuta ya mapokezi, ile isiyozimwa wikendi, inaweza kuwekewa programu ya kuwinda. Inaweza, na ni ya bure.