Uvuvi wa Nzi na Salmoni wa Ziwani: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Miongoni mwa tafsiri zinazopita mikononi mwetu yamo maneno mawili ambayo hatuna budi kuyapinga: "uvuvi wa nzi" na "salmoni wa ziwani".

La kwanza limekusudiwa kutaja uvuvi wa Ulaya ambao ndoana yake huvishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Lakini twasema uvuvi wa dagaa, uvuvi wa kamba. Yaani kinachotajwa ndicho kinachovuliwa. Mwenyeji wa Mbamba Bay au Liuli atalipokea neno hili kama lilivyo, maana juu ya Ziwa Nyasa huinuka mawingu ya nzi wadogo, na wapo watu wa mwambao wanaowanasa na kuwafanya kitoweo. Yafaa tuseme "uvuvi kwa nzi bandia". Wanaokimbilia "chambo bandia" wakumbuke kuwa, ingawa pwani chambo ni mtego wa ndoanani, ng'ambo ya ziwa, Malawi, chambo ni samaki mwenyewe, wa jamii ya perege.

Vivyo hivyo "kutupa ndoana" hakutoshi. Mvuvi wa mshipi wa pwani hutegemea chubwi. Katika uvuvi huu wa kigeni uzito umo katika mshipi wenyewe, nao ndio umbebao nzi. Kinachorushwa, basi, ni mshipi. Tena mila za huko hazilingani. Kando ya mto Spey, Uskoti, ufito mrefu hushikwa kwa mikono miwili, na mshipi haunyooshwi nyuma ya mvuvi, kwani miti ingeunasa. Kwingineko ufito mfupi hushikwa kwa mkono mmoja, na mshipi hunyooshwa nyuma kwanza. Twapendekeza "kurusha mshipi", kisha namna yake itajwe. Twachagua "ufito" kwa kuwa fimbo ni ya kutembelea na kuchapia.

Kosa la pili ni zito zaidi. Waingereza waliotawala Nyasaland walimwita mbasa salmoni kwa sababu naye hupanda mito kutaga mayai, ukiwamo Ruhuhu. Lakini mbasa, ambaye wataalamu humwita *Opsaridium microlepis*, si salmoni hata kidogo. Usipa wa ziwa hilo hilo na ningu wa Ziwa Victoria ni jamaa zake wa karibu zaidi.

Watumishi wa serikali walipime jambo hili. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga mwaka 2012, matangazo mengi ya uvuvi wa mwambao huo hutakiwa kusomeka huko huko. Tangazo likikataza kumvua "salmoni" msimu wa kutaga, mvuvi atalisoma, atalitii, na atamtegea mbasa nyavu mlangoni mwa mto bila hatia moyoni. Samaki ataangamia, na mvuvi atashtakiwa kwa jina asilolijua.

Jina lipo, nalo ni mbasa. Kazi ya mtunga istilahi ni kuuliza kwanza ufukweni, ndipo afungue kamusi.