Mikroreakta ya ubaoni

Wandugu, ile kozi ya mikroreakta mu kemia ya chuo kikuu iko muzuri kwa karatasi tu. Silabusi inasema mufereji uko chini ya milimita 1 na joto linatoka mbio. Asistenti anachora, tunakopi, basi. Ku mtihani wanauliza definisyo. Hesabu, hapana! Kumbe bomba la milimita 0,5, ukililinganisha na besheri ya upana wa sentimita 10, lina ukuta mara 200 zaidi kwa kila lita. Njo maana nitrasyo haiwake ovyo mule. Na TP inawezekana: sindano mbili, asidi, soda kostiki yenye fenoloftaleini. Sukuma pole pole, utaona ni wapi ile roze inaisha. Eti tungojee mashini ya Ulaya? Mupira wa serumu unauzwa ku kila farmasi.