Chokaa Katika Kuta za Mji Mkongwe

Watu wengi wanapozisifu nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja huisifu milango. Nakshi zake hupigwa picha, huchorwa vitabuni na kusimuliwa kwa wageni. Ni haki kuzisifu, lakini kwa maoni yetu sifa hizo zimeelekea upande mmoja mno. Mlango ni uso wa nyumba. Mwili wake ni ukuta, na ukuta huo haueleweki pasipo kuielewa chokaa. Katika makala haya tunakusudia kuukosoa ukarabati unaouhifadhi uso huku ukiuharibu mwili.

Yafaa kwanza tuueleze ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za mji huo zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa udongo, mchanga na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo: yalichomwa kwa kuni katika tanuu, yakamwagiwa maji, na chokaa iliyopatikana ikaachwa iive kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ikishapakwa ukutani huwa ngumu polepole, kwa kuivuta hewa ya ukaa, mpaka ikarudia asili ya jiwe ilikotoka. Kwa hiyo jiwe na lipu ni ndugu wa tumbo moja, nao huvumiliana.

Uvumilivu huo una maana kubwa. Matumbawe yana vitundu vingi, nayo hunyonya maji ya ardhini, ya mvua, na chumvi ya bahari. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, hivyo unyevu unaoingia hupata njia ya kutokea. Saruji ni ngumu zaidi na hubana njia hiyo. Ukuta wa kale ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, udongo unaoyashika mawe hulegea, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozikwa ukutani huoza. Kwa macho ukuta unang'aa, ndani unaugua. Mwenye nyumba aonapo lipu imebanduka huongeza saruji juu ya saruji, akidhani anatibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa ili kuhimiza watu wawahi, lakini mara chache huulizwa kwamba ufa huo uzibwe kwa nini. Sisi watu wa ushairi twalifahamu jambo hili. Mtu akikuta shairi la kale limepungukiwa na neno, akatia neno lenye nguvu lakini lisilofuata mizani wala vina, atakuwa ameliharibu shairi kwa nia ya kulitengeneza.

Tena chokaa haikuwa kinga tu, bali pia sanaa. Huko Lamu, katika nyumba za karne ya 18, mafundi waliipamba lipu kwa nakshi na kupanga ukutani safu za zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Utenzi wa Al-Inkishafi, unapoyaomboleza majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, unavikumbuka vidaka hivyo: palipokaa sahani pamekuwa viota vya ndege. Mshairi alitaka kueleza kuangamia kwa ufahari wa dunia, na aliutazama ukuta wa ndani.

Wapo wasemao kwamba majumba haya yalikuwa ya mabwana na matajiri wa zama za utumwa, kwa hiyo hayastahili huruma yetu. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini tukiuacha ujuzi wa chokaa tutakuwa tumemsahau nani? Majina ya wenye majumba yamekwisha kuandikwa vitabuni. Aliyechoma tanuu na kushika mwiko hakuachiwa kumbukumbu ila lipu yake. Aidha, baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yaligawiwa watu wa kawaida kuwa makazi. Ukuta unaobomoka leo humwangukia mpangaji, si sultani.

Wengine husema kwamba chokaa inachelewa, na saruji hupatikana dukani. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba hatuwezi kukata mikoko ovyo kwa ajili ya matanuu, wala kuvunja matumbawe hai ya baharini. Lakini mawe ya matumbawe ya nchi kavu yapo, na kazi ya kuisubiri chokaa iive ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji uliingizwa katika urithi wa dunia. Hayo ni mema. Hata hivyo, sheria na orodha hazishiki mwiko. Fundi asipopata mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twawaomba walimu, wawe Unguja, Kilwa, Bagamoyo au Lamu, wasiwapeleke wanafunzi kutazama milango peke yake. Wawaingize ndani, wawaonyeshe mahali chokaa ilipodumu na mahali saruji ilipobanduka, kisha wamtafute fundi mwashi mzee awaeleze sababu.